Gadenia za chupa: ukungu mwanzoni, chumvi mwishoni

Wanaoanza kuzalisha maua ya gadenia kwa tishu, yaani kwa kuotesha vipande vidogo vya mti ndani ya chupa, huuliza kwanza habari ya homoni, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Chukua chakula cha Murashige na Skoog, mchanganyiko wa madini na vitamini wa mwaka 1962. Kwa kila lita weka sukari gramu 30, aga ya kugandishia gramu 7 na BAP, homoni ya kuchipuza, miligramu 1. Rekebisha pH, kipimo cha uchachu, iwe 5.8, kisha chemsha chupa ndani ya presha kuka kwa nyuzi 121, dakika 20. Maji yawe yaliyokenekwa, kwani ya visima vyetu vya Zanzibar hupita kwenye mawe ya matumbawe na yamejaa chokaa. Aga nayo usiitarajie kutoka kwenye mwani wa Paje. Ule hutoa karajini, kigandisho cha aina nyingine.

Kazi yenyewe ni usafi wa kipande. Wakati wa masika usikate kabisa, maana ukungu umeshaingia hadi kwenye makwapa ya majani. Mti mama uweke chini ya paa wiki 3, umwagilie shinani tu, majani yasiguswe na maji. Kata vipande vya sentimita 2 vyenye kifundo kimoja, uvioshe kwa sabuni, kisha uviache nusu saa chini ya maji yanayotiririka. Spiriti ya asilimia 70, sekunde 30. Halafu jiki: ikiwa ni ya asilimia 3.5, mililita 300 kwa 700 za maji, na tone la sabuni, dakika 12. Suuza mara 3 kwa maji yaliyochemshwa kwenye presha. Kisha kipande kiingie chupani. Pamba nyeupe ikiota siku ya tatu au ya nne, ni ukungu wa juu ya kipande au wa mikono yako. Utando wa maziwa shinani baada ya wiki 2 ni bakteria waliokuwamo ndani ya mti. Hao jiki haiwafikii, badilisha mti mama.

Majani yakivimba na kung'aa kama kioo, punguza BAP hadi nusu na chupa usiibane mno.

Kila wiki 4 gawanya machipukizi. Kwa mizizi tumia chakula kilekile kwa nusu ya kipimo, na kwa lita sukari gramu 20, na IBA, homoni ya mizizi, miligramu 1.

Miche mingi hufa ikishatoka kwenye chupa. Majani yake hayana nta na vitundu vyake vya kupumulia havijui kujifunga, kwa hiyo hukauka kwa saa chache. Osha aga yote, la sivyo sukari italisha ukungu. Panda kwenye vumbi la makumbi, funika kwa nailoni wiki 2, kivulini, kisha fungua kidogo kidogo. Uliza kwanza makumbi yametoka wapi! Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yana chumvi. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi na kuyamwaga maji hayo, mara 4 au 5.

Kwa nyumba ya maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe kama Makunduchi au Micheweni, mwambie mnunuzi mapema: gadenia hupenda pH kati ya 5 na 6.5, na kwenye chokaa hukosa chuma, majani yakawa manjano mishipa ikabaki kijani. Apande kwenye chungu kikubwa, au achukue bogenvilia.