Hita ya mjomba

Mjomba wangu alikuwa injinia wa meli miaka mingi, akastaafia Uingereza, na alipoamua kurudi Malindi moja kwa moja watu walitarajia atakuja na gari la maana, ye akaja na kontena la vyombo vya mkaza mjomba pamoja na trela la kambi, lile dogo la kuvutwa nyuma ya gari, vitanda viwili, jiko la gesi, sinki na makabati ya kubana. Ilikuwa 2018, mwezi wa saba, kusi imekaza. Trela likaegeshwa uwanjani kwake Shela, Shela ya Malindi si ile ya Lamu, na watoto wa mtaa wakawa wanapanga laini kuchungulia dirishani.

Mi ni fundi wa bomba na AC. Kazi zangu nyingi ni za mahoteli na nyumba za Wataliano kule Casuarina, pampu za swimingi puli, sola za maji moto, mambo hayo. Mjomba akanipigia nije, nikafika nikamwamkia shikamoo, akaniitika marahaba alafu hapo hapo akanipa tochi, hata chai sijaulizwa.

"Hita haifanyi kazi."

Nikacheka. Hita, Malindi? Huku mtu analala na feni mwaka mzima. Lakini kumbe ye na mkaza mjomba walikuwa na safari yao, Nanyuki, Nyahururu, ikiwezekana wafike Marsabit, na mkaza mjomba ana magoti yanayomsumbua akashika msimamo kwamba baridi ameiwacha Uingereza, hajasafiri bahari zote hizo aje aikute tena Kenya. Hita isipowaka hatoki mtu.

Ile mashine wenyewe wanaiita haidroniki na mi sikuwa nimeishika kabla ila nilipolala chini ya trela nikaiangalia nikaona ni vitu ninavyovijua vyote, vimepunguzwa saizi tu. Hita yenyewe haizidi boksi la viatu, imefungwa chini ya sakafu, inachoma dizeli kutoka kwenye kitenki chake, hewa ya kuchomea inavuta nje na moshi unatoka nje kwa eksosi, kwa hivo moto na chumba havikutani. Moto hauchemshi hewa. Unachemsha maji yaliyochanganywa na koolanti, na pampu ndogo ya volti 12 inayazungusha, yanatoka kwa hita, yanapita kwenye koili iliyo ndani ya tenki la maji ya kuoga, yanakwenda kwenye redieta ndogo chini ya benchi yenye feni mgongoni, feni inapuliza hewa kupitia ile redieta chumba kinapata joto, maji yaliyopoa yanarudi kwa hita kuchukua joto jipya. Kilowati 5, nguvu kama ya mabirika mawili ya umeme, na ikiwashwa mpaka mwisho inakula kama nusu lita ya dizeli kwa saa na kitu juu.

Mjomba akaiwasha nisikie. Kwanza kimya, plagi ya kuwashia moto inapata joto na taa za ndani zinafifia kidogo maana hapo ndo inapovuta umeme mwingi, alafu pampu ya dizeli ikaanza, tik, tik, tik, taratibu, kisha ikaunguruma vizuri kabisa. Moto upo. Dakika chache tu ikazima yenyewe na swichi ikaanza kupepesa taa.

Mjomba alikuwa ameshafungua plagi, amesafisha chujio, amebadilisha dizeli yote. Injinia wa meli akiona moto umezima anatafuta makosa kwenye moto. Mi nikashika hozi. Ile inayotoka kwa hita ilikuwa inaunguza, sikuweza kuiweka mkononi, na ile inayorudi, shubiri moja tu pembeni yake, baridi kama haihusiki. Hapo nikajua. Maji hayazunguki, yale machache yaliyoko ndani ya hita yanachemka palepale, kisensa kinaona joto limepita kiasi kinazima kila kitu kabla mambo hayajaharibika. Pampu inalia sawasawa lakini inazungusha hewa, na pampu za aina hii hewa haziisukumi, ziwe za swimingi puli ziwe za trela.

"Mjomba, kuna hewa kwenye laini."

"Meli ya tani elfu ishirini nimeiendesha mimi, hiki kisanduku kinizidi akili kwa hewa?"

"Sio hiki kisanduku mjomba, ni aliyekifunga."

Maana fundi wa huko huko ng'ambo aliyelifunga, Mungu amsamehe, ile chupa ya koolanti aliiweka chini ya benchi karibu na sakafu, na hozi ya tenki la kuoga ikapita juu yake. Hewa inapanda, inakaa pale juu kwenye kona ya hozi, na chupa iko chini haiwezi kuipokea. Unaweza kujaza chupa mpaka kesho. Nikaihamisha chupa ndani ya kabati la juu, nikaiungia hozi ndefu, alafu tukamwaga yale maji yote tukachanganya mapya, koolanti nusu na nusu maji ya betri, yale yaliyosafishwa, sio asidi. Mjomba alitaka tutie ya bomba tu. Nikamuonyesha birika la mkaza mjomba ndani limekuwa jeupe kwa chokaa ya maji, na hizo ni wiki chache tu wamekuja, akanyamaza. Ndani ya hita vijia ni vyembamba, vikiziba umekwisha. Na mtu asiniambie Malindi hakugandi maji koolanti ya nini, koolanti inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka, hata huku kwetu inahitajika.

Kutoa hewa sasa. Trela lina gurudumu la mbele lenye mkono wa kuzungusha, ukizungusha pua inapanda, basi tukaipandisha mpaka mwisho wake na bado ikawa haitoshi, vijana wawili wakaletwa wakaliinua tukaweka jiwe la kujengea chini ya lile gurudumu, trela zima likawa limeangalia mbinguni. Nikaiwacha pampu izunguke yenyewe bila moto, nikawa nabinya hozi kwa mkono, nabinya naachia, nabinya naachia, mjomba amesimama kabatini na tochi anaangalia chupa. Muda mrefu hakuna kitu. Alafu nikasikia glug, mjomba akapiga kelele "Hio!", na povu likaanza kupanda kwenye chupa, maji ya pinki yakashuka ghafla nusu nzima, nikamwambia tia, akatia, yakashuka tena, tia, akatia. Sauti ya pampu ikabadilika, ikawa nzito. Hiyo sauti fundi yeyote wa pampu anaijua na anaipenda. Tulipowasha moto hozi zote mbili zikapata joto, ya kurudi ikiwa nyuma kidogo tu ya mwenzake, feni ikaanza kupuliza hewa ya moto na sisi tuko ndani ya sanduku la bati na plaiwudi, Malindi, saa saba ya mchana. Jasho lililonitoka siku ile sijui niseme nini. Mjomba alikuwa anafurahi kama mtoto anakataa kufungua mlango.

Mkaza mjomba akaingia na kanzu yake ya nyumbani, akakaa kitanda cha nyuma, akasema, "Mbona huku miguuni hakuna kitu?"

Na kweli. Pale benchini unakaangika, kule nyuma kwenye kitanda hewa imesimama. Mjomba akasema feni ni dogo linataka kubwa, mi nikaona sio feni. Nikamuomba mkaza mjomba chetezo.

"Chetezo cha nini tena?"

"Nataka kuona upepo."

Akaniletea chetezo na makaa na ubani wa kutosha huku ananitazama hivi. Nikazima taa nikabakisha tochi, nikakishika mbele ya grili moshi ukatoka mbio, ukafika katikati ya trela, ukagonga kabati, ukapanda juu kwenye dari, alafu ukageuka ukarudi ulikotoka na kuzama tena kwenye benchi. Kule kitandani moshi ulifika baadae sana, umechoka, ukaning'inia tu. Yaani feni lilikuwa linakunywa hewa yake lenyewe! Nikainua kifuniko cha benchi, nikakuta mkaza mjomba amepanga humo leso zake na mablanketi mpaka juu, tundu la kuvutia hewa limebaki la upana wa kiganja na liko palepale ubavuni mwa grili ya kutolea. Hewa ya moto imekaribishwa kurudi mlango wa jirani, itafika mwisho wa nyumba kufanya nini?

Hili ndo jambo nililolitoa pale na nimekuwa nikilitumia kwenye AC za watu mpaka leo: watu wote wanahangaika na hewa inayokwenda, ya kurudi hakuna anayeiulizia. Nyumba ya makuti haikusumbui hivi kwa sababu paa lenyewe linapumua kila mahali, ila sanduku lililofungwa lazima uliamulie njia mbili. Tukahamisha leso (hapo palikuwa na mazungumzo), tukaziba lile tundu la ubavuni, tukakata jingine kwa jigso chini ya kitanda cha nyuma kabisa, tukaweka grili na mfereji mpana kutoka huko mpaka nyuma ya feni. Na lile godoro lilikuwa limelala juu ya plaiwudi tupu, chini yake ukungu mweusi umeshaota, tukaitoa plaiwudi tukaweka chaga kama kitanda cha kawaida ili ile hewa ya baridi iliyoko chini ivutwe ikipita chini ya godoro. Chetezo tena. Safari hii moshi ukatambaa juu darini mpaka nyuma, ukashuka kwenye dirisha, ukaingia chini ya kitanda ukapotea. Mkaza mjomba akasema sasa hivi trela linanukia vizuri, angalau faida moja imepatikana.

Ubani huo huo ukatuonyesha kitu chengine ambacho hatukukitafuta. Sakafuni karibu na jiko kuna tundu lenye wavu, limetoboka mpaka nje, na moshi badala ya kutoka ulikuwa unasukumwa ndani, na nyuma ya harufu ya ubani nikasikia dizeli. Kusi ilikuwa inavuma kutoka upande wa eksosi, inauchukua moshi wa hita inaupitisha chini ya trela na kuupandisha humo. Mjomba tayari ameshakunja kitambaa alizibe.

"La, mjomba, hilo usilizibe."

"Moshi unaingia mwanangu, huoni?"

"Gesi ya kupikia ni nzito, ikivuja inashuka chini, hio ndo njia yake ya kutokea. Ukiziba inakaa humu inakungoja uwashe kiberiti."

Hilo alilielewa mara moja, melini nako kuna sheria zake. Tukarefusha eksosi mpaka ukingoni upande usio na mlango wala dirisha, na nikamwambia kila wakipiga kambi aangalie upepo kwanza, na king'ora cha kaboni monoksaidi ambacho kilikuwa bado kwenye pakiti yake nikakifunga ukutani mwenyewe maana ile hewa haina harufu, dizeli uliyoisikia ni bahati yako. Tundu la darini pia alitaka kulifunga asipoteze joto. Watu wawili wakilala usiku mmoja wanatoa maji kama nusu lita kwa pumzi na jasho, yakikosa pa kutokea yanatanda kwenye vioo yanashuka mpaka kwenye godoro, na ukungu ule tuliousugua ulitoka wapi kama sio huko? Akaliwacha wazi vidole viwili.

Wakasafiri. Nanyuki sikusikia malalamiko, ila usiku mmoja simu ikalia, Nyahururu, mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari, hita inawaka lakini inatoa moshi mweusi na inazimazima. Hapo hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na ya Malindi, na ile pampu ya dizeli haina habari, inapiga tik tik yake kipimo kile kile, mafuta mengi hewa kidogo, masizi. Nikamwambia asiiwache kwenye moto mdogo muda mrefu, maana moto mdogo ndo unaojaza masizi, na akishuka chini aiwashe mwisho kabisa ijisafishe. Modeli yake ilikuwa inataka kifaa cha ziada cha kupima presha ya hewa kipunguze dizeli, akaagiza, kikaja walipokuwa wamesharudi.

Nikakifunga pale pale uwanjani Shela. Nyaya zikakaa sawa, hita ikawaka, haikupepesa taa, lakini Malindi ni usawa wa bahari, kile kifaa huku hakina cha kupunguza, nikamwambia mjomba kazi imekwisha ila jibu lake utalipata Nyahururu. Akaingiza mkono mfukoni, akanihesabia nusu ya pesa, na nusu nyengine akasema nami nitaikuta huko huko Nyahururu.