Mkopo wa Bodi: niombe au niache?

Wiki nzima fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iko wazi kwenye simu, mimi naizungukazunguka tu. Kaka yangu ni mwalimu, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipa mkopo wake wa Bodi, na kila mwisho wa mwezi nyumba nzima lazima tumsikie. Akaniambia nisithubutu. Mama alikuwa na swali moja: "Sasa ada italipwa na nani, mwanangu?" Kimya. Angalau ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021.

Jana nimetuma cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kihakikiwe. Shilingi 30,000 ya maombi nimekopa kwa kaka huyohuyo, katoa huku amenuna. Mdhamini? Yeye pia 😅