Msamaha wa Rais unafungua geti, haufuti hatia

Zikikaribia tarehe 9 Desemba au 26 Aprili, familia nyingi za Dar huanza kuulizana: safari hii mtu wetu atatoka? Mimi ningependa waulize na swali la pili: akishatoka, hatia yake imekwenda wapi? Hilo ndilo linalomrudia mtu miaka mitano baadaye, mwajiri anapomtaka alete cheti cha polisi cha tabia njema.

Rais husamehe kwa Ibara ya 45 ya Katiba. Anaweza kumsamehe aliyetiwa hatiani, kwa masharti au bila masharti, kumwahirishia adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi, au kuiondoa yote au sehemu yake. Misamaha ya sikukuu kwa sehemu kubwa ni ya kupunguza. Tarehe 26 Aprili 2021 walitangazwa wafungwa 5,001, lakini waliotoka siku ile walikuwa 1,516. Wale 3,485 walipunguziwa vifungo wakabaki ndani. Desemba 2017 walitajwa 8,157, wakatoka 1,828. Kwa hiyo ukiambiwa jina lake limo, usikimbilie kukodi gari. Uliza limo kwenye kundi lipi.

Mahabusu hawahusiki. Aliyekaa Segerea au Keko akisubiri kesi hajatiwa hatiani, hivyo hakuna cha kusamehewa. Na ile theluthi ya kifungo inayopunguzwa ni kitu kingine tena: mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja huipata kwa Sheria ya Magereza, kifungo cha miaka mitatu kikawa miwili, na anaweza kuipoteza kwa utovu wa nidhamu.

Kinachofuta hatia ni rufaa. Ndiyo maana inauma kuona mtu anatoka kwa msamaha halafu anaitelekeza rufaa yake akiona mambo yamekwisha. Hukumu ya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, Kisutu kwa mfano, hukatiwa rufaa Mahakama Kuu: taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliye gerezani hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza.

Watu hukwama kwenye nakala. Katika zile siku 45, muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi, lakini lazima uonyeshe kwamba uliiomba. Andika barua ya kuomba nakala mara tu hukumu inaposomwa, ipeleke masjala ukiwa na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi nawe nyumbani. Karatasi hiyo moja imeokoa rufaa nyingi. Usipokuwa nayo, utalazimika kuomba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo yenye sababu za msingi, na "sikujua sheria" haitoshi.

Soma pia maneno ya mwisho ya uamuzi. Kupunguziwa adhabu kwenye rufaa kunaiacha hatia palepale. Na kesi ikiondolewa na upande wa mashtaka kabla ya utetezi, mara nyingi mshtakiwa *anaachiwa* tu, *hajaachiwa huru*. Anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale.

Kwenye haki za kisiasa, Katiba yenyewe imetaja muda. Ibara ya 67 humzuia kugombea ubunge aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi, na vivyo hivyo aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Lakini soma ibara yote: kifungo cha zaidi ya miezi sita kwa utovu wa uaminifu kimetajwa peke yake, na kizuizi hicho hakina ukomo wa miaka mitano.

Cheti cha polisi hutolewa kwa kulinganisha alama za vidole, kwa hiyo kubadilisha jina hakusaidii. Kama hatia ilifutwa au uliachiwa huru, peleka nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama kabla hujaomba cheti, kwa sababu kumbukumbu za polisi hazijirekebishi zenyewe. Na jina lililo kwenye hukumu lisomeke sawasawa na la kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikitofautiana, andaa hati ya kiapo ya majina kwanza.