Ukuta wa kutundikia babu

Masika ya mwaka 2022 nilimchukua mpwa wangu hadi Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, iliyofanywa makumbusho mwaka 2019. Alitaka kutundika picha za babu yake, mpiga fidla wa taarabu, katika sebule yetu ya Malindi, mtaa mwingine wa humohumo Mji Mkongwe. Nikaona aanze kwa kutazama nyumba ya msanii inavyopangwa.

Zilizotuweka sana ni picha za akina Bulsara, familia ya Freddie. Yeye mwenyewe, ambaye wazazi walimpa jina la Farrokh, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Akiwa mdogo alipelekwa India kusoma, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza.

"Mjomba, mbona vyumba vya Mji Mkongwe virefu lakini vyembamba?" aliuliza tulipotoka.

"Boriti, mwanangu," nikamjibu, yaani miti ya mkoko inayobeba dari. Mkoko ulionyooka vizuri ni mita tatu hivi, basi upana wa chumba hufuata mti. Kuta nazo ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita au zaidi. Hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa hewani, na hapo ndipo picha huoza.

Malindi tulikuta nyufa zimezibwa kwa saruji. Saruji haipumui: unyevu hunasa nyuma yake, chumvi ikaganda, lipu ikasukumwa mpaka ikabanduka. Tuliing'oa yote hadi kwenye jiwe, tukauacha ukuta ukauke hadi kipupwe kikikaribia kwisha. Kisha tukapiga lipu ya chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, mchanga wa shamba, maana wa pwani una chumvi. Chokaa iwe imelowekwa wiki kadhaa. Chembe ambayo haijaiva hufura baadaye ukutani na kuacha vishimo. Kila tabaka lisizidi sentimita moja na nusu, na lifunikwe kwa magunia ya maji siku kadhaa, kwani likikauka haraka hupasuka.

Misumari hatukupigilia ovyo, matumbawe hulegea. Tulipitisha ubao mmoja juu ya ukuta, fremu zikaning'inia kwa waya, na nyuma ya kila moja vipande vya mbao vya sentimita mbili ili hewa ipite. Picha zenyewe ziko kabatini. Zilizotundikwa ni nakala, kwa kuwa mwanga hufifisha karatasi na hakuna dawa yake. Ile ya babu ameinamia fidla tuliiweka ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua.