Loco moco, coco puff na kaunta ya Liliha Bakery

Liliha Bakery ipo Honolulu, Hawaii, tangu 1950 na raha yake ni kwamba ni beikari halafu humohumo ni mgahawa. Ukiingia lile duka la kwao la zamani upande mmoja ni makabati ya vioo yamejaa keki na mikate, upande mwingine kaunta yenye viti vya kuzunguka, na mi nakushauri kaa hapo hapo kaunta. Jiko liko mbele yako, unaona yai linavyopasuliwa, unasikia nyama inavyolia kwenye chuma, na jirani yako wa kulia ni mzee wa mtaa ambaye wahudumu hata hawamuulizi anakula nini, wanamletea tu. Halafu kule mtu mzima anaitwa anti au anko hata kama hamjuani kabisa, kwa hiyo sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunajisikia nyumbani haraka sana.

Agiza loco moco. Ni wali mweupe ule wa kunatana, juu yake hambaga ya nyama ya ng'ombe, juu yake tena yai la kukaanga, halafu wanamwagia mchuzi mzito wa kahawia mpaka wali unapotea. Inasimuliwa kwamba ilianza mji wa Hilo mwaka 1949, kwenye mgahawa ulioitwa Lincoln Grill, vijana wa klabu ya michezo walitaka kitu cha bei ndogo cha kuwashibisha kweli na wasikae kusubiri, wakatengenezewa hicho. Na ukiila unaelewa kabisa kwamba huu ni msosi wa mtu mwenye njaa. Usianze kuchota pembeni, pasua kiini kwanza, kikishuka kinachanganyika na ule mchuzi kinaingia kwenye wali, hapo ndo unachukua kijiko chenye kila kitu kwa pamoja. Kipande ninachokipenda mimi kuliko vyote ni ule ukingo wa hambaga uliokauka ukawa mweusimweusi kidogo, yaani mchuzi unaulainisha lakini bado unatafunika.

Na mkate wake je! Vile vimikate laini wanavikata katikati, wanavipaka siagi wanavibanika kwenye chuma mpaka vinakuwa vya dhahabu, vinakuja na jeli nyekundu. Kitu kidogo tu hicho lakini mtu anaweza kusafiri kwa ajili yake, nasema kweli.

Sasa kinachonifanya niuheshimu sana huu msosi ni historia yake. Chakula cha kila siku cha Hawaii kimetoka kwenye mashamba ya miwa. Wenye mashamba walileta vibarua kutoka China kuanzia 1852, baadaye Wajapani, Wareno, watu wa Puerto Rico, Wakorea, na Wafilipino kuanzia 1906, watu waliokuwa hata hawaelewani lugha, wakifika saa ya kula kila mmoja anafungua chakula chake shambani. Ile sahani wanayoita plate lunch, mabonge mawili ya wali, bonge moja la saladi ya makaroni yenye mayonezi, na nyama pembeni, imetokea huko. Ndo maana kwenye sahani moja unakuta kuku wa katsu wa Kijapani (wa kukaangwa na chenga za mkate), kimchi ya Kikorea (kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili) na soseji ya Kireno na hakuna anayeshangaa. Wapo watu wanaodharau yale makaroni wanasema wanga juu ya wanga, mi nakataa kabisa, ule ubaridi na uchachu wake ndo unaosafisha mdomo baada ya nyama yenye chumvi na sukari.

Ila wenyeji wenyewe, Wahawaii wa asili, chakula chao kilikuwepo kabla ya miwa yote hiyo na usiondoke bila kukionja. Lau lau ni nyama iliyofungwa kwenye majani ya magimbi ikapikwa kwa mvuke muda mrefu mpaka majani yanalainika kabisa, na poi ni magimbi yenyewe yamepikwa yakapondwa na maji. Kuna haupia pia, ya tui la nazi iliyogandishwa, inakatwa vipande vya mraba. Mgahawa wa Helena's Hawaiian Food upo Honolulu tangu 1946 kwa ajili ya vitu hivi, nenda mapema. (Kama huli nguruwe uliza kwanza, maana lau lau mara nyingi ni nguruwe, kalua, ile ya kuokwa kwenye shimo la ardhini, ni nguruwe, Spam, ile nyama ya kopo, nayo ni nguruwe na kule imo kila mahali. Loco moco ya kawaida ni ng'ombe, na samaki hawakosekani.)

Upande wa vitamu kuna malasada, zilizoletwa na Wareno wa visiwa vya Madeira na Azores waliokuja kwenye mashamba hayohayo kuanzia 1878. Ni ndugu wa andazi kabisa, unga wa hamira wa mviringo, hauna tundu, unakaangwa halafu unagaragazwa kwenye sukari. Leonard's, mtaa wa Kapahulu, wanazikaanga tangu 1952. Hizi zile hapo hapo nje ya duka zikiwa za moto, ukifika nazo hotelini zimeshanywea.

Coco puff za Liliha ni habari nyingine, zenyewe zinavumilia safari. Ni kitumbua cha unga mwepesi wa kuoka, ndani kimejazwa krimu ya chokoleti ya baridi, juu wameweka chantilly, na chantilly ya Hawaii haina uhusiano na krimu ya kupigwa ya Wafaransa, hii ni ya siagi, nzito, ina kachumvi kwa mbali. Hako kachumvi ndo kanakufanya uchukue ya pili. Nunua boksi zima, weka kwenye friji, kesho yake asubuhi na kahawa bado ziko vizuri.