Ng'ombe wa uniti tatu

Mwaka 2018 nilikuwa Mwanza, nikiandika programu ya kutuma SMS kwa wafugaji wa Misungwi na Kwimba. Kazi yenyewe haikuwa na makeke. Afisa mifugo anaandika tangazo la chanjo au la kuogesha, anachagua vijiji, anabonyeza kitufe, na kila mfugaji aliyesajiliwa anapata meseji kwenye kiswaswadu chake. Hakuna cha kupakua, hakuna bando. Niliipenda kazi ile kuliko nyingi nilizofanya kabla na baada yake, kwa sababu mlengwa hakulazimika kununua kitu wala kujifunza kitu. Simu aliyokuwa nayo mfukoni ilitosha.

Upande wa pili wa mfumo alikaa Dokta. Ndivyo tulivyomwita sote: daktari wa mifugo wa miaka mingi, aliyekaribia kustaafu, anayeandika Kiswahili kilichonyooka kama barua ya serikali. Miezi ya mwanzo matangazo yake yaliingizwa na kijana wa ofisini kwao, aliyekuwa akiyachapa moja kwa moja kwenye mfumo. Kijana alipohamishwa, Dokta akaishika kazi mwenyewe. Kile kisanduku kidogo cha kwenye kivinjari hakukipenda hata kidogo. Aliandika kwenye Word, akajisomea kwa sauti, akarekebisha, ndipo akanakili na kubandika.

Ijumaa moja alituma tangazo la chanjo ya homa ya mapafu. Jumatatu asubuhi simu yake ilinikuta ndani ya daladala.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Mwanangu, hebu niambie, watu wangu umewaambia waje leo?"

Chanjo ilikuwa Jumatano. Ilikuwa bado kwenye jokofu la wilaya, na timu ya wachanjaji ilikuwa kijiji kingine. Lakini pale joshoni walikuwepo wafugaji na makundi yao, wengine wameswaga ng'ombe tangu alfajiri. Na chanjo ile si kitu cha kuwahi nacho chupa mbili tatu ukawapoza waliofika. Ni ya unga, na ikishachanganywa inakaa kwenye barafu na kutumika upesi, la sivyo imeharibika. Kwa hiyo watu walikuwa warudi nyumbani, na Jumatano waje tena. Kwa mfugaji hiyo ni siku ya malisho imepotea.

Nilimwomba Dokta achukue simu ya mmoja wao anisomee meseji jinsi ilivyo, neno kwa neno. Nikamsikia akiomba simu, akitafuta miwani.

"Ndugu mfugaji, chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe itatolewa Jumata."

"Jumata nini, Dokta?"

"Jumata, basi. Ndipo inapoishia."

Kijana wa mzee mwenye simu ile alikuwa ameisomea familia meseji Jumamosi, akaona neno limekatika, akalimalizia kwa siku iliyo karibu zaidi. Na si yeye peke yake. Mtu mwenye akili zake angefanya hivyo hivyo.

Nilipofika ofisini nilimkuta dada wa uhasibu ananisubiri mlangoni. Salio la SMS tulilolinunua litufikishe mwisho wa mwezi lilikuwa limekwisha. Yeye hakuwa mtu wa programu, lakini alikuwa amefanya jambo ambalo lilinipunguzia nusu ya kazi: alichapisha taarifa ya matumizi na kupiga mstari kwa kalamu nyekundu pembeni ya mistari miwili. Tangazo la mbuzi, lililotumwa wiki iliyotangulia na kijana kabla hajaondoka, lilikatwa uniti moja kwa kila namba. Tangazo la ng'ombe, uniti tatu kwa kila namba.

"Kaka, hawa ng'ombe wana nini?" akaniuliza, na alimaanisha swali lake.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa urefu. Meseji moja ya SMS hubeba baiti 140, yaani biti 1120. Ukitumia jedwali la herufi la GSM, lile la kiwango cha GSM 03.38 ambamo kila herufi ni biti 7, unapata herufi 160. Nikahesabu tangazo la Dokta. Lilikuwa hili:

"Ndugu mfugaji, chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe itatolewa Jumatano saa 2 asubuhi kwenye josho la kijiji. Leta ng'ombe wote wenye umri wa miezi 6 na zaidi."

Herufi 157, pamoja na nafasi na nukta. Dokta alikuwa ameambiwa kikomo ni 160 na alikiheshimu kwa makini. Kwa hesabu hiyo ilipaswa kuwa uniti moja.

Nikavuta maandishi yenyewe kutoka kwenye hifadhidata na kuyatazama kwa baiti, yaani zile namba ambazo kompyuta inayahifadhi nazo. Hapo ndipo jambo lilipojitokeza. Kwenye tangazo la zamani la ng'ombe, lililochapwa na kijana, kati ya g na o palikuwa na baiti moja, 27. Hiyo ni ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, ambayo kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ni U+0027. Kwenye tangazo la Dokta palikuwa na baiti tatu, E2 80 99. Hiyo ni U+2019, ritifaa iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe kila unapobonyeza ile iliyonyooka. Kwenye kioo cha kompyuta huwezi kuzitofautisha kwa urahisi, hasa kwa fonti tuliyokuwa tunatumia.

Jedwali la GSM lina nafasi 128 tu. Ndani yake mna ñ, Ø, å, ß, mna herufi kubwa za Kigiriki kama Δ na Ω, mna hata alama ya yeni ya Japani. Ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo. Na kanuni ni kali: herufi moja tu ikikosekana kwenye jedwali, meseji nzima inahamia usimbaji wa UCS-2, namna nyingine ya kugeuza herufi kuwa namba, ambamo kila herufi inachukua biti 16, hata zile a na m zisizo na kosa lolote. Baiti 140 sasa zinabeba herufi 70. Meseji ikizidi hapo inagawanywa, na kila kipande kinatoa baiti 6 za mwanzo kwa ajili ya maelezo ya kuviunganisha, kwa hiyo zinabaki herufi 67 kwa kipande.

Nikachukua karatasi nikakata tangazo la Dokta kwa mkono kila baada ya herufi 67. Kipande cha kwanza kiliishia "itatolewa Jumata". Cha pili kilianza "no saa 2 asubuhi" na kuishia "wenye um". Cha tatu kilikuwa na herufi 23: "ri wa miezi 6 na zaidi." Vipande vitatu, uniti tatu. Mtandao ukiwa mzuri simu inaviunganisha na msomaji hajui kama viliwahi kutengana. Kule vijijini vipande vingine vilichelewa, vingine havikufika kabisa, na simu kadhaa zilionyesha kilichofika. Namba ile 67 ilikuwa imeangukia katikati ya Jumatano, mahali ambapo kukatika kunaacha wazi siku mbili.

Nilipiga simu kwa kampuni iliyotuuzia SMS. Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa mstaarabu na alielewa haraka. Kumbe mfumo wao ulikuwa unabadilisha usimbaji kimyakimya: unapokea maandishi, unaona herufi isiyomo, unahamia UCS-2, unakata uniti tatu na kukurudishia jibu kwamba meseji imepokelewa. Idadi ya vipande haimo kwenye jibu. Nilimwambia, na bado nasema hivyo kwa yeyote anayejenga API ya SMS, yaani mlango ambao programu za wengine hupitishia meseji zao, kwamba idadi ya vipande na aina ya usimbaji ni sehemu ya jibu, kwa sababu ndiyo bei. Akasema atalifikisha. Kisha akanipa ushauri wa haraka: "Si muandike tu ngombe bila hiyo alama? Wataelewa."

Ushauri huo ulinikaa vibaya. Ritifaa ile si pambo. Ni sehemu ya tahajia ya Kiswahili tuliyofundishwa tangu darasa la kwanza, na kwenye ukanda ule ni sehemu ya majina ya watu. Usukumani Ng'wana yuko kila kitongoji. Ukienda Kenya kuna Ng'ang'a, kuna Nyong'o, kuna Murang'a na Lang'ata kwenye ramani. Mtu ambaye jina lake lina ritifaa ameshakutana na fomu za mtandaoni zinazomwambia jina lake lina herufi zisizokubalika. Sikutaka mfumo wangu uwe mwingine wa aina hiyo. Nilimweleza Dokta pendekezo lile, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi tangazo la serikali lenye makosa ya tahajia sisaini." Suala likaishia hapo, nami nikafurahi kwamba limeishia hapo.

Isitoshe, Kiswahili kilikuwa hakidai kitu. Herufi zake zote, pamoja na ritifaa, zimo kwenye zile nafasi 128. Friedhelm Hillebrand, Mjerumani aliyekaa na mashine yake ya taipu mjini Bonn mwaka 1985 akihesabu herufi za sentensi za kawaida hadi akaridhika kwamba 160 zinatosha, hakuwa anatufikiria sisi, lakini jedwali la GSM linatutosha kabisa. Waarabu, Wahabeshi na Wachina hawana njia ila UCS-2. Sisi tulikuwa tunalipa mara tatu kwa sababu ya mapambo ya Word.

Suluhisho liliandikwa mchana ule ule. Kabla ya kutuma, maandishi yanapita kwenye kipande kidogo cha msimbo kinachogeuza U+2018, U+2019 na U+02BC kuwa 27, pamoja na ile alama ya chini ya kitufe cha Esc ambayo watu wengine huitumia kama ritifaa. Alama za nukuu zilizopinda zinanyooshwa, kistari kirefu kinakuwa kifupi, nukta tatu zilizobanwa pamoja zinaachanishwa, na ile nafasi isiyokatika ya U+00A0, ambayo haionekani kwa macho na ndiyo msumbufu kuliko wote, inakuwa nafasi ya kawaida. Kitu kingine chochote kisichomo kwenye jedwali hakigeuzwi. Mfumo unakionyesha kwa rangi na kumwambia mwandishi meseji yake sasa ni vipande vingapi na itagharimu uniti ngapi, kisha yeye anaamua.

Mwenzangu alitaka tusafishe tangu maandishi yanapoingia kwenye hifadhidata. Nilikataa. Alichoandika mtu kihifadhiwe kama alivyokiandika, na mageuzi yafanyike mlangoni pa kutokea, kwa sababu jedwali la GSM ni sharti la SMS, si sharti la lugha. Siku tangazo hilo hilo likichapishwa kwenye karatasi, ritifaa iliyopinda ndiyo nzuri zaidi.

Dada wa uhasibu alitoa fedha ya dharura tukanunua uniti, na jioni tukatuma sahihisho. Tulibishana na Dokta juu ya mpangilio. Mimi nilitaka siku na saa vije kabla ya kitu kingine chochote, ili hata kikifika kipande kimoja kiwe kinatosha. Yeye aliona kumwamuru mtu mzima kabla ya kumsalimu ni ukosefu wa adabu. Tukakubaliana hivi: "Ndugu mfugaji, JUMATANO saa 2 asubuhi ni chanjo ya ng'ombe, josho la kijiji. Si leo." Salamu ikabaki, siku ikaja ndani ya herufi 25 za mwanzo. Jumatano walikuja.

Majina yalichukua muda zaidi. Kwenye rejista mlikuwa na watu walioandikwa kwa ritifaa ya aina moja na kutafutwa kwa nyingine, kwa hiyo karani akichapa jina hapati kitu, anasajili upya. Utafutaji wetu nao ulikuwa unaikata Ng'wana kuwa maneno mawili, kwa kuwa kwa kompyuta U+0027 ni alama ya uandishi na si herufi. Tukaongeza safu ya pili ya kutafutia, iliyosawazishwa, na safu ya jina ikaachwa kama mwenyewe alivyojiandikisha. Tulipoiendesha kwa mara ya kwanza zilijitokeza jozi nyingi. Mojawapo ilikuwa ya mzee wa Kwimba mwenye laini mbili kwenye simu moja, aliyekuwa akipata kila tangazo mara mbili: karani mmoja alimsajili kwa 27, mwingine kwa E2 80 99. Dokta alimpigia kumuuliza tubakize laini ipi. Akachagua ile inayoshika mtandao akiwa machungani.