Bei ilifika Lamu kabla ya habari

Mwishoni mwa 2011 nilikuwa na kiduka cha kutengeneza kompyuta huko Langoni, Lamu, na mwaka huo biashara ilishakuwa mbovu, watalii wamekimbia sababu ya utekaji, hoteli zimefunga, wateja waliobaki ni walimu, watu wa maofisi na vijana wa saiba.

Siku moja akaja Maalim mmoja na kompyuta yake, hadi diski, kile kifaa cha ndani kinachohifadhi mafaili, inagonga tu tak tak tak, imekufa. Nikamwambia haina shida Maalim, elfu tano hivi, wiki hii hii waipata. Nikampigia bosi wa Mombasa niliyekuwa nikichukua spea kwake.

"Elfu tisa," akasema, "na hata hiyo sina."

"Kwani kuna nini?"

"Thailand kumefurika."

Mi nikaona huyu anatufanyia ujanja sisi wa visiwani, anajua hatuna pa kukimbilia, mzigo wenyewe lazima upande basi, ule vumbi lote la Garsen, ushuke Mokowe, uingie boti. Sasa kamwambie Maalim habari ya Thailand! Alinitazama weee, akasema, "Mwanangu, Thailand na Langoni wapi na wapi? Sema tu wataka pesa."

Usiku nikaingia intaneti na kumbe ni kweli. Oktoba maji yaliingia viwanda vya Western Digital, kampuni ya kutengeneza hadi diski, karibu na Bangkok, na Thailand ndo ilikuwa ya pili duniani kwa kutengeneza hadi diski, nyuma ya China. Lakini walioniacha mdomo wazi ni Seagate, wapinzani wao. Viwanda vyao vikavu kabisa, umeme upo, wafanyakazi wapo, na bado wamekwama! Diski ina kimota cha kuzungusha zile sahani ndani, na vimota hivyo sehemu kubwa ya dunia ilikuwa inategemea kampuni moja ya Japani, Nidec, nayo ina viwanda hukohuko kwenye maji. Tuseme ukweli, mnunuzi akigawa oda zake kwa Seagate na Western Digital anajiona yuko salama, kumbe wote wawili wanachota kisima kimoja.

Nikampigia tena bosi, safari hii kwa hasira kidogo. Vile vidiski vichache alivyokuwa navyo alishampa mwenye duka mmoja wa Mombasa. "Yule huniambia mapema mwezi ujao atataka nini," akasema, "wewe wanipigia mteja ashasimama dukani." Sawa, lakini mi nitajuaje diski ya nani itakufa lini, na pesa ya kuweka stoku nitoe wapi? Na yeye mtu wake wa Dubai alishamwambia tangu Oktoba kwamba bei inapanda, mbona hakunitumia hata meseji? Hapo alinyamaza. Tukaelewana, mi kila mwisho wa mwezi namtumia orodha ya vilivyoharibika huku, naye akisikia kitu huko ananiambia siku hiyohiyo.

Maalim nilimfungia diski ya zamani ya GB 40 niliyoitoa kwenye kompyuta ya hoteli iliyokuwa ikiuza vyombo vyake. Mwaka uliofuata diski mpya zilipoanza kupatikana, bado ghali, nikamwita aje abadilishe, akakataa katakata, akasema hii ya arubaini hata hajaifikisha nusu.